Ushuru wa Mafuta na Ushuru wa Njia: Nani Atoa, na Fedha Yaenda Wapi?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama huko Kiwanjani, Isiolo. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa safarini.)



Tumepewa jambo moja la kusema, nalo ni hili: barabara kubwa za nchi yetu zalipiwa na nani, na ni njia ipi ya kulipa iliyo ya haki kwa mfanya kazi. Mtu asidhani kuwa hii ni habari ya wakubwa wa Nairobi. Sisi wa Isiolo twala kwa barabara. Mbuzi na ng'ombe wa Marsabit na Merti wapita hapa kwenda kuuzwa Nairobi. Unga, sukari na saruji zapita hapa kwenda Moyale. Lori likikwama, mpakizi hana kazi, mama wa chakula amemwaga chai yake, na dereva amelala chini ya gari. Kwa hiyo ye yote anayegusa hesabu ya barabara amegusa sufuria zetu.

NJIA TATU ZA KULIPA

Tuanze kwa kutenganisha mambo, maana watu huyachanganya. Njia ya kwanza ni mkopo. Barabara mpya mara nyingi hujengwa kwa fedha ya kukopa, na deni hulipwa na Hazina kwa kodi za watu wote. Njia ya pili ni ushuru wa mafuta. Kila lita ya petroli au dizeli hutiwa shilingi kadhaa, na shilingi hizo kazi yake ni kutengeneza barabara zilizopo: kuziba mashimo, kusafisha mitaro, kupitisha greda. Njia ya tatu ni ushuru wa njia, ambao siku hizi waitwa tozo. Huu hulipwa na mtu anapopita, na asipolipa hapiti.

Ushuru wa njia si jambo jipya Kenya. Sheria yake ilitungwa mwaka 1984, na vizuizi vikawekwa katika barabara kubwa. Dereva alisimama, akalipa, akapewa tikiti. Mahali pengine vizuizi viliondoka lakini jina likabaki, na hata leo manamba huita abiria wa "Toll". Kisha mwaka 1993 ikatungwa sheria ya ushuru wa mafuta kwa ajili ya barabara, na vile vizuizi vikaachwa.

Kwa nini viliachwa? Fikirini wenyewe. Penye kizuizi magari hupanga foleni, fedha hupita mikononi mwa watu wengi, na mwenye kujua njia ya panya hupita kando. Lakini ushuru wa mafuta hukusanywa kwa makampuni ya mafuta kabla mafuta hayajafika katika pampu. Wa kukusanyiwa ni wachache, na gharama ya kukusanya ni ndogo. Tena anayetembea sana hutoa sana, na anayetembea kidogo hutoa kidogo. Ndiyo maana fikira hii imeenea duniani. Jimbo la Oregon huko Marekani lilianza mwaka 1919, kwa senti moja tu kwa kila galoni.

HESABU YA MFUKO WETU

Sasa tutazame mfuko wetu. Mwaka 2016 ushuru huu ulipandishwa hadi shilingi 18 kwa lita. Julai 2024, majuma machache tu baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa kwa sababu ya vijana waliojaa barabarani, ushuru ukapandishwa hadi shilingi 25. Huo ni mbali na kodi nyingine zilizomo katika lita ile ile. Kodi ya ongezeko la thamani juu ya mafuta, kwa mfano, ilitoka asilimia 8 ikawa asilimia 16 mwezi wa Julai 2023, na hiyo huenda Hazina kwa kazi zote za Serikali.

Tuseme kijana wa bodaboda anachoma lita tatu kwa siku. Kwa kiwango hicho cha 25 ametoa shilingi 75 kwa barabara kabla ya kula chakula cha mchana. Akifanya kazi siku 26, ametoa shilingi 1,950 kwa mwezi. Tuseme lori linakwenda kilomita mbili u nusu kwa lita. Toka Isiolo hadi Moyale ni kama kilomita 500, yaani lita 200. Hapo shilingi 5,000 zimetolewa kwa barabara kwa kwenda tu, na 5,000 nyingine kwa kurudi. Basi mtu akikwambia kuwa barabara twatumia bure, mwonyeshe hesabu hii.

Na si wenye magari tu wanaotoa. Mwenye duka huiongeza fedha hiyo juu ya unga, na mke wa mpakizi, ambaye hana hata baisikeli, huilipa anaponunua kilo mbili. Tena kuna jambo la kwetu huku ambalo watu wa mijini hawalifikiri. Visima vingi vya malishoni huvutwa maji kwa injini ya dizeli, na dizeli hiyo imekwisha tozwa ushuru wa barabara. Ngamia anakunywa maji ambayo ndani yake mna shilingi za lami, na lami yenyewe iko mbali naye mwendo wa siku mbili.

LAMI ILIKOMA HAPA

Wazee waliopo watakumbuka kwamba kwa miaka mingi lami ilikoma hapa Isiolo. Mtu akisafiri kwenda kusini alisema "naenda Kenya," kana kwamba hapa ni nchi nyingine. Lori la Moyale lilichukua siku mbili au tatu, na mvua ikinyesha hakuna aliyejua siku ya kufika. Kuanzia mwaka 2007 ndipo kazi ilipoanza kwa kipande cha Isiolo mpaka Merille, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Vipande vingine vikafuata, na kile cha Merille mpaka Marsabit kilisaidiwa na Umoja wa Ulaya. Kufika mwaka 2017 lami ilikuwa imefika Moyale. Leo dereva hutoka hapa asubuhi akafika Moyale siku ile ile.

Twashukuru, maana barabara hii imetuletea kazi. Lakini tuhesabu pia. Toka mwaka 1993 mpaka 2007 ni miaka kumi na minne. Kwa miaka hiyo yote dereva wa huku alitoa ushuru wa mafuta sawasawa na dereva wa Nakuru, tena alichoma mafuta mengi zaidi kwa sababu ya mchanga na mawe. Hatusemi hivi ili tulie. Twasema ili mtu asije akatuambia kesho kwamba barabara hii tumepewa kwa hisani. Mkopo twaulipa pamoja na Wakenya wote, na ushuru wa mafuta tumeutoa tangu siku ya kwanza.

UZITO NA MASHIMO

Ushuru wa mafuta una kasoro moja ambayo lazima tuiseme, ingawa yagusa kazi yetu wenyewe. Kati ya mwaka 1958 na 1960 wataalamu wa Marekani walijenga barabara za majaribio katika jimbo la Illinois, wakapitisha malori juu yake mchana na usiku kwa miaka miwili. Waligundua kwamba uharibifu wa lami hauongezeki sawasawa na uzito, bali huruka. Ekseli iliyopasa kubeba tani 10 ikibebeshwa tani 12, uharibifu unazidi mara mbili. Mzigo umeongezeka kwa sehemu moja ya tano tu, na barabara imekula hasara maradufu. Lakini mafuta yaliyochomwa zaidi ni kidogo sana, na ushuru uliolipwa zaidi ni kidogo vile vile.

Basi ni nani anayeharibu barabara? Si bodaboda, wala si dereva aliyebeba mzigo wa haki. Ni tajiri anayejaza lori kupita kiasi ili apate faida ya safari moja na nusu kwa mafuta ya safari moja. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yaweka mwisho wa tani 56 kwa gari kubwa kabisa, na mizani ipo. Lakini twajua sote mambo yaendavyo. Tajiri hupakia, dereva hupewa ufunguo, na penye mizani ni dereva anayeshikwa. Akikataa kuondoa gari, wapo kumi wanaongoja nafasi yake. Kwa hiyo swali la nani alipie barabara ni swali la mapatano ya kazi pia.

FEDHA YENYE JINA HUTAMANIWA

Ushuru wa mafuta hapa Kenya hutunzwa na Bodi ya Barabara, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1999. Bodi huigawa fedha kwa idara za barabara kuu, za mijini na za mashambani, ambazo ziliundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na sehemu ndogo huenda kwa barabara za mbuga za wanyama. Mpango huo ni mzuri katika karatasi. Lakini fedha yenye jina moja na kazi moja hutamaniwa na kila mkubwa.

Si kwetu tu. Uingereza ilianzisha Mfuko wa Barabara mwaka 1920, watu wakaahidiwa kuwa fedha ya magari itatengeneza njia za magari. Haikupita miaka saba, Waziri wa Fedha Winston Churchill akautia mkono mfuko ule na kuchukua fedha kwa matumizi mengine ya Serikali. Baada ya hapo mfuko ukabaki jina, mpaka ukavunjwa kabisa katika miaka ya 1950.

Kwetu kumetokea mambo mawili ambayo kila mwanachama yafaa ayajue. La kwanza ni ugomvi uliozuka mwaka 2024 kati ya magavana na wabunge juu ya shilingi bilioni 10.5 za ushuru huu. Magavana walisema barabara nyingi ziko chini ya kaunti tangu katiba mpya, kwa hiyo fedha iwafuate. Wabunge walisema fedha ibaki kwa idara za taifa. Wakaenda mpaka mahakamani. Na wao walipokuwa wakivutana, barabara ya kijijini haikuuliza kesi ni ya nani. Ilizidi kuchimbika tu.

La pili ni la mwaka 2025. Makandarasi walikuwa wakiidai Serikali fedha nyingi za kazi walizofanya, na wengine walikuwa wamesimamisha kazi na kuwarudisha vibarua nyumbani. Serikali ikaamua kuweka rehani shilingi 7 katika zile 25 za kila lita, ili ipate shilingi bilioni 175 mara moja na kulipa madeni hayo. Hatusemi kuwa deni lisilipwe. Katika makandarasi hao wapo watu wenye vibarua kama sisi, nao walingoja mishahara. Lakini tufahamu maana yake. Katika zile shilingi 75 za kijana wa bodaboda, 21 zimekwisha liwa na jana kabla kesho haijafika. Katika zile 5,000 za lori la Moyale, 1,400 ni za deni. Mashimo ya mwaka huu yatazibwa kwa kilichobaki. Na kilichobaki kisipotosha, mtu atainuka aseme: basi tuweke ushuru wa njia.

USHURU WA NJIA UMERUDI

Naam, umekwisha rudi. Mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya juu ya Nairobi, Mlolongo mpaka Westlands, kilomita 27, nayo hulipiwa. Mwezi wa Novemba 2025 ikazinduliwa kazi ya kupanua barabara ya Rironi mpaka Mau Summit, na tozo iliyotangazwa kwa gari dogo ilikuwa shilingi 8 kwa kilomita. Mmoja wa wenye kuweka fedha katika kazi hiyo, pamoja na kampuni ya Kichina, ni NSSF. Ndugu zetu, NSSF ni nani? Ni sisi. Ni akiba inayokatwa katika mshahara wa kila mfanya kazi tangu mwaka 1965 ili apate kitu cha kushika akizeeka.

Hapa mfanya kazi amesimama pande mbili za kizuizi. Upande mmoja ni mwenye mali, kwani akiba yake imejenga barabara. Upande wa pili ni mlipaji, kwani dereva na abiria watalipa ili akiba ile izae. Tozo ikiwa ndogo, akiba ya uzeeni yaweza kupata hasara. Tozo ikiwa kubwa, nauli itapanda na shamba la viazi la Nyandarua litalipa. Wenzetu wa Tanzania wamelipitia jambo hili. Daraja la Kigamboni, Dar es Salaam, lilijengwa kwa fedha ya NSSF yao pamoja na Serikali, likafunguliwa mwaka 2016, na wapitao hulipa. Wakazi walilalamika miaka mingi, na mwaka 2022 viwango vikapunguzwa. Kwa hiyo kiwango kinaweza kujadiliwa, ila hujadiliwa na wenye sauti.

Wako wanaosema kuwa ushuru wa njia ndio wa haki kabisa, maana hulipa yule apitaye tu, na mchungaji wa Merti halipi barabara ya Nakuru. Maneno hayo yana ukweli, nasi hatuyadharau. Wasema tena kwamba magari na pikipiki za umeme zinaongezeka, nazo hazichomi mafuta, basi nani atalipia njia zao? Hilo nalo ni swali la kweli, na siku moja itabidi lijibiwe kwa njia nyingine isiyo ya mafuta.

Lakini kuna tofauti moja kubwa ambayo twawaomba mwishike. Huko Nairobi, asiyetaka kulipa barabara ya juu hupita barabara ya chini. Huko Uganda, barabara mpya ya Kampala mpaka Entebbe ilianza kulipiwa Januari 2022, na barabara ya zamani ikabaki wazi. Mtu ana hiari: alipe apate wepesi, au avumilie foleni. Je, toka hapa mpaka Moyale hiari iko wapi? Barabara ni moja. Mgonjwa anayeletwa toka Laisamis, mwalimu anayerudi Marsabit, na mbuzi wanaokwenda sokoni, wote hupita hapo hapo. Penye njia moja tu, ushuru wa njia si bei ya wepesi. Ni kodi ya kuishi mbali, na sisi kodi hiyo tumekwisha ilipa kwa miaka mingi.

MAMBO MANNE TUYASHIKE

Basi, Bwana Mwenyekiti, baada ya kupima haya yote, twaweka mbele ya wanachama mambo manne yapelekwe tawi kwa tawi.

Kwanza, tuushike ushuru wa mafuta. Hautupendezi, lakini ni njia iliyo wazi, na kila mtu aweza kuipigia hesabu kwa kalamu. Tunachodai ni kwamba fedha iliyochukuliwa kwa jina la barabara ifike barabarani. Tudai hesabu ya kaunti yetu: ni shilingi ngapi zimekuja, na ni kilomita zipi zimetengenezwa. Dereva ndiye mkaguzi mwema kuliko wote. Kila mwanachama aandike mahali penye kalvati iliyovunjika na tarehe aliyopita, karatasi ziletwe ofisini, nasi tutazilinganisha na vitabu vyao.

Pili, tusikubali ushuru wa njia mahali ambapo hakuna njia nyingine ya kupita, na tusikubali kilomita moja itozwe mara mbili, katika pampu na katika kizuizi, bila kupunguziwa upande mmoja.

Tatu, katika mapatano ya kazi iandikwe kwamba tozo zote na faini zote za uzito ni juu ya mwenye gari, na kwamba dereva akikataa kuondoa lori lililojazwa kupita kiasi asifukuzwe wala asikatwe posho. Kifungu hiki kitalinda mshahara, na kitalinda lami kuliko greda kumi.

Nne, wafanya kazi wana wajumbe katika baraza la wadhamini wa NSSF, kwa njia ya COTU. Wajumbe hao watuletee habari: akiba yetu iliyo katika barabara ni kiasi gani, na ikiwa magari hayatapita kama ilivyotarajiwa, ni nani atabeba hasara. Mwenye fedha hana haja ya kuona haya akiuliza fedha yake.

Ndugu zetu, barabara hailipiwi na Serikali, kwa maana Serikali haina fedha isiyotoka kwetu. Yalipiwa na yule anayejaza tangi, na yule anayenunua unga, na yule anayekatwa mshahara. Mara nyingi watu hao watatu ni mtu mmoja, naye yumo katika mkutano huu. Kwa kuwa ndiye alipaye, na aulize bila woga. Na kwa kuwa peke yake hatasikiwa, na aulize pamoja na wenzake.

Karatasi za kuandika mashimo na makalvati zitatolewa mlangoni. Kila dereva achukue moja kabla ya safari yake, airudishe akifika.